Mlowezi wa Momela na Malisho ya Wameru

Vitabu vya Marekani huwasifu sana watu walioingia nyikani na makundi ya ng'ombe, wakajenga mahali palipodhaniwa kuwa patupu. Mtu wa namna hiyo alikuwapo hata chini ya Mlima Meru, tena mwanamke. Margarete Trappe, Mjerumani, alifika nchini pamoja na mumewe mwaka 1907, wakakaa Momela. Alifuga ng'ombe na farasi, akawa mwindaji mashuhuri. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alinyang'anywa shamba, lakini alirudi tena, na akaishi hadi mwaka 1957.

Ushujaa wake hatuukani. Lakini twauliza: je, nyika ile ilikuwa tupu kweli?

Haikuwa tupu. Serikali ya Kijerumani iliwagawia walowezi ardhi, mashamba yao yakauzunguka mlima kama mshipi. Wameru na Waarusha wakabanwa juu mlimani, na mifugo yao ikatengwa na malisho ya tambarare. Waingereza waliofuata, badala ya kuulegeza mshipi huo, waliukaza. Mwezi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili Wazungu wapate mahali pa kufugia. Yaani wafugaji walifukuzwa kwa ajili ya ufugaji!

Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kuyaeleza hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu theluthi mbili za kura hazikupatikana, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo sauti ya Wameru ilisikika Tanganyika nzima, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Leo Momela imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nyati hulisha palipokuwa na ng'ombe wa Bibi Trappe. Twamkumbuka, lakini tusiwasahau waliofukuzwa Ngarenanyuki. Na kila ajaye leo na mtaji wake kutaka ardhi, viongozi wetu wasitazame mtaji peke yake. Waulize kwanza ni nani alishaye hapo. Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena: mgeni njoo, mwenyeji ahame.