Safran, ua la sumu na kiazi cha porini: tujue kutofautisha



Tangu sezoni A ianze, swali moja linatufikia toka kwenye koperative nyingi za Masisi, na hata toka kwa wale wanaoshuka Walikale. Kuna wachuuzi wanaopita na vitunguu vidogo vya maua, wanasema: «Hii ni safran, kilo moja tu inakujengea nyumba.» Mwanachama mmoja alituletea vitatu, vimefungwa ndani ya gazeti. Tuliviweka juu ya meza tukavigeuzageuza. Kitunguu peke yake, bila ua, hakisemi jina lake. Na hapo njo shida yote inaanzia.

Safran ya kweli, ile watu wa pwani wanaita zafarani, inatoka kwenye ua linaloitwa krokusi. Linachanua rangi ya zambarau mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kule Iran, Kashmir na Uhispania, wakati baridi inaanza kuingia. Ndani ya kila ua muna nyuzi tatu nyekundu, zinachumwa kwa mukono, zinakaushwa. Kwa kupata gramu moja kavu inaomba maua kama 150. Bei inapanda juu ya kazi hiyo, si juu ya uchawi fulani. Halafu mujue hili: krokusi ya safran haizai mbegu kabisa. Inaongezeka kwa vitunguu tu. Kwa hiyo mtu akikuletea «mbegu za safran» ndani ya kasashe, usipoteze muda naye. Na ile unga ya njano inayouzwa sokoni kwa jina la safran, mara nyingi ni kurkuma. Ni nzuri kwa mchuzi, lakini ni kurkuma.

Je, safran inaweza kuota kwetu? Kitunguu chake kinataka kulala miezi kadhaa ndani ya udongo mukavu na joto, kisha kipate baridi njo kitoe ua. Masisi mvua inanyesha karibu kila mwezi, udongo haukauki vizuri. Kitunguu kinaoza. Sisi hatuwashauri kuweka hata franka moja humo.

Kuna jambo lingine la kuogopesha zaidi kuliko kupoteza pesa. Kule Ulaya kuna ua jingine linalochanua wakati uleule, linafanana sana na krokusi, jina lake Colchicum. Lile ni sumu kali. Wenye kulijua wanafanya hesabu ndogo: wanachungulia ndani ya ua na kuhesabu vile vijiti vyenye unga wa njano. Krokusi iko na vitatu, Colchicum iko na sita. Ubaya wake ni kwamba linachanua bila majani, na majani yanatoka miezi mingi nyuma, bila ua. Watu wanayachuma wakizani ni majani ya kitunguu saumu cha porini, wanakula, wanakufa.

Sasa mutasema: hayo ni ya Ulaya, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, sababu ndugu wa ua lile anaishi hapa kwetu, mwenye sumu ileile, kolshisini. Wataalamu wanamuita Gloriosa superba. Mumemuona mara nyingi kando ya musitu, kwenye vichaka na mashamba yaliyolala: ua zuri sana, jekundu na njano, lenye petali sita za kukunjamana zilizogeuka juu kama zinapulizwa na upepo toka chini. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Watoto wanalipenda. Shida haiko kwenye uzuri, iko chini ya udongo.

Chini muna kiazi, rangi ya kahawia, kirefu kama kidole, mara nyingi kimekunjika kama herufi V. Mutu mwenye njaa anayechimba viazi vikuu vya porini anaweza kukitia ndani ya kikapu bila kujua. Hatari kubwa ni wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, maana shina linakauka na kuanguka, kiazi kinabaki peke yake. Tunawaza hasa wale wanaotembea siku nzima kuelekea machimbo ya Omate, wakichimba chakula njiani, na wamama wanaokimbia vita wakijificha musituni na watoto.

Njia ya kutofautisha ni hii, na inafaa kuionyesha watoto shambani, si kuisoma tu. Angalia mumea unavyopanda. Kiazi kikuu kinazungusha shina lake kwenye muti, raundi kwa raundi, na hata kikikauka kamba yake inabaki imejisokota. Gloriosa haizungushi shina. Inashika kwa ncha ya jani: kila jani refu linaishia kwenye kamukia kembamba kanachojikunja na kukamata kijiti. Tena majani yake ni membamba, mishipa imenyooka kama ya jani la muhindi, wakati viazi vikuu vingi vina jani la umbo la moyo. Kama shina limekauka na hauoni kitu cha kukujulisha, acha. Usichimbe.

Wengine wanatuambia: «Tutachemsha sana.» Hapana. Kolshisini haiharibiki kwa moto. Kuna viazi vikuu vichungu ambavyo wazee wanavilowesha na kuvichemsha hadi vinakuwa vizuri, lakini ujuzi huo hausaidii hapa.

Mutu akiikula, baada ya saa chache anaanza kusikia mudomo na koo vinawaka, anatapika, anaharisha sana. Wengi wanazani ni kipindupindu. Kisha anaweza kuonekana amepata nafuu kidogo, na familia inarudi nyumbani. Musidanganyike: siku ya pili au ya tatu sumu inapiga figo, moyo na damu. Mupeleke kituo cha afya saa ileile, pamoja na kipande cha kiazi au jani, ili muganga ajue anapambana na nini. Kituo hakina dawa ya kufuta sumu hiyo. Wanachofanya ni serumu na kumuchunga karibu, na kadiri anafika mapema kadiri ana bahati ya kupona. Ng'ombe na mbuzi pia wanakufa nayo, wafugaji wachunguze pembeni ya malisho.

Tuseme na hili, maana mutalisikia siku moja. Kolshisini ni dawa pia, inatibu ugonjwa wa viungo unaoitwa guti. Huko Tamil Nadu, India, wakulima wanalima Gloriosa kwa kuuza mbegu zake kwa viwanda. Wanapanda viazi, wanaweka fito, na wanachavusha ua moja moja kwa mukono, sababu kijiti cha jike kimepinda upande, mbali na unga wa dume. Ni kazi nzito, na inaishi juu ya wanunuzi waliosimama tayari. Hapa kwetu wanunuzi hao hawapo. Akija mutu anaomba mukusanye viazi hivyo toka musituni kwa kilo, koperative imuombe kwanza mukataba ulioandikwa na karatasi za kampuni yake. Na hata hapo, visiingie kamwe ndani ya mufuko au depo munamolala chakula.

Ukiikuta ndani ya shamba la muhogo, chimba kiazi chote polepole, kinavunjika kiurahisi na kila ncha inaweza kuota tena. Choma moto au zika ndani kabisa, mbali na watoto, kisha nawa mikono na sabuni. Ile iliyoko musituni, iache na maua yake.