Chapa ya Meno: Njia ya Zamani na Njia Mpya



Katika mkutano wa tawi letu hapa Kicukiro, mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alituuliza swali. Mwanawe wa miaka 13 anatakiwa kuvalishwa nyaya za kunyoosha meno. Siku ya kwanza katika kliniki alitiwa uji mzito kinywani bila kuelezwa neno, akatapika, akaogopa na kukataa kurudi. Baba akapoteza ujira wa siku. Sasa anasikia ipo kliniki yenye mashine isiyotumia uji, lakini bei yake ni kubwa. Je, akope? Swali hili si la mtu mmoja, kwa hiyo tunalijibu hapa.

Kabla ya kutengeneza kifaa cha kunyoosha meno, daktari hana budi kupata umbo kamili la meno na taya. Hiyo ndiyo chapa.

Njia ya zamani. Unga uitwao alijinati, utokanao na mwani wa baharini, hukorogwa na maji, ukawekwa katika kibati chenye umbo la taya na kubanwa juu ya meno. Baada ya dakika mbili au tatu huganda, kibati kikatolewa na jasi ikamiminwa ndani. Ikicheleweshwa, chapa hunyauka na kuharibika, na mgonjwa hurudia upya. Adha yake kubwa ni kichefuchefu, hasa kwa taya la juu, uji unapoteremka kuelekea kooni.

Njia mpya. Daktari hupitisha kinywani kifaa kama mswaki mnene kinachopiga picha nyingi, na kompyuta huziunganisha. Mashine ya namna hii ilitumiwa kwa mgonjwa huko Zurich, Uswisi, mwaka 1985. Hakuna uji. Mgonjwa akichoka, daktari husimama, kisha huendelea alipoachia. Wengi waliojaribu njia zote mbili huipenda hii. Lakini nayo ina adha yake: kichwa cha kifaa ni kinene kwa kinywa cha mtoto, na mdomo hukaa wazi kwa dakika kadhaa.

Tukumbuke kwamba mikononi mwa mtaalamu hodari, njia zote mbili hutoa chapa ya kufaa. Meno hayanyooki upesi kwa sababu ya mashine. Tofauti kubwa kwa mgonjwa ni adha ya dakika chache. Basi kabla ya kukopa, fanya haya:

1. Mwambie daktari mapema kama mgonjwa hutapika upesi au pua imeziba.
2. Asile chakula kizito muda mfupi kabla.
3. Aketi wima, ainamishe kichwa mbele, apumue polepole kwa pua.
4. Omba taya la chini lianze, na mkubaliane ishara ya mkono.
5. Uliza bei yote, na bima yako inalipa nini, kabla ya kuketi kitini.

Mtoto akishindwa hata hivyo, hapo mashine ina maana, na gharama yake ina sababu.

Mwenzetu tumemshauri arudi na mwanawe, na safari hii waulize kwanza. Mfanyakazi ana haki ya kuelezwa kabla mwanawe hajatiwa kitu kinywani. Kuuliza si ukaidi.