Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Sababu za Kompyuta ya Mkononi Kujizima na Kujiwasha Yenyewe

Ichukuliwe hali ya mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Chamwino. Anayo kompyuta moja tu, ile ndogo ya kushikwa mkononi kwa mikono miwili, na ndani yake zimo alama za wanafunzi za mihula miwili pamoja na vipimo vya mvua ambavyo darasa lake limevikusanya tangu Desemba hadi Aprili. Kompyuta hiyo ina mifumo endeshi miwili: Linux, ambao ulikuja nayo, na Windows, ambao mwalimu aliuongeza kwa sababu programu moja anayoihitaji haifanyi kazi katika Linux. Tangu wiki iliyopita kompyuta imekuwa ikizimika ghafla na kujiwasha upya bila ya kuamriwa. Wenzake wamekwisha mpa jibu: mafahali wawili hawakai zizi moja. Wanamshauri afute mfumo mmoja, au afute diski nzima aanze upya.

Ushauri huo ukifuatwa bila ya uchunguzi, huenda alama na vipimo vyote vikapotea na hitilafu ibaki palepale. Yafaa basi kueleza hitilafu ya namna hii hutoka wapi, na jinsi ya kuitafuta kwa utaratibu.

Mafahali wasioonana

Mfano mmoja wa kompyuta za aina hii ni Steam Deck, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 na kampuni ya Valve ya Marekani. Ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, lakini ni kompyuta kamili, na mfumo wake ni wa jamii ya Linux. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland.

Kompyuta inapowashwa, programu fupi iliyohifadhiwa ndani ya mashine huamka kwanza. Hiyo hukagua vifaa, kisha huutafuta mfumo endeshi na kuukabidhi mashine. Penye mifumo miwili, mmoja huchaguliwa. Ule usiochaguliwa hubaki juu ya diski kama maandishi ndani ya kitabu kilichofungwa. Haufanyi kazi yoyote. Kwa hiyo mifumo hii haiwezi kugombana kama mafahali, kwa sababu haimo zizini kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, iko mahali pawili ambapo mmoja huachia mwingine matatizo. Kwanza ni diski. Windows aghalabu haujifungi kabisa unapozimwa; huhifadhi hali ya kiini chake ili uamke upesi. Ikiwa Linux utaandika katika sehemu ya diski iliyoachwa hivyo, Windows utaamka na kumbukumbu zisizolingana na yaliyomo, na hapo faili huweza kuharibika. Dawa yake ni kuiondoa njia hiyo ya kuamka upesi katika mipango ya Windows.

Pili ni saa. Kwa kawaida Windows huiweka saa ya mashine kwa wakati wa mahali, na Linux huisoma kama wakati wa dunia. Tofauti ya wakati wa Afrika Mashariki na wakati wa dunia ni saa 3. Jambo hili haliizimi kompyuta, lakini humpoteza mchunguzi: tukio la saa tatu usiku laweza kuandikwa kuwa la saa sita usiku.

Kuamriwa na kukatwa

Mifumo yote miwili huandika daftari la matukio. Katika Linux, amri ya journalctl -b -1 huonyesha yaliyotokea tangu mara iliyopita kompyuta ilipowashwa hadi ilipozimika. Mistari ya mwisho ndiyo yenye habari. Ikionekana kwamba huduma zilifungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio, basi kuna programu iliyoamuru kuzima, mathalani ile ya kusasisha mfumo. Ikiwa daftari limekatika ghafla katikati ya shughuli za kawaida, mfumo haukupata nafasi ya kuandika neno. Hali hiyo aghalabu huashiria umeme, joto au kifaa.

Katika Windows, tukio namba 1074 hutaja programu iliyoamuru. Tukio namba 41 husema tu kwamba kompyuta iliwaka upya bila ya kufungwa vizuri. Wengi huliona hilo la pili wakadhani wamepata chanzo. Kumbe ni taarifa ya matokeo tu. Vile vile Windows, kwa mpango wake wa kawaida, hujiwasha upya unapopatwa na kosa kubwa. Mpango huo ukiondolewa, namba ya kosa hubaki juu ya kioo, ikasomwa.

Betri na ukinzani wa ndani

Mwanafunzi aliyesoma umeme anajua kwamba kila betri ina ukinzani wa ndani, na kwamba volti zinazofika nje ni volti za betri kutoa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani huo. Ichukuliwe betri ya volti 7.4. Kompyuta inapofanya kazi nzito ghafla, huvuta mkondo wa ampea 3. Betri mpya yenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza volti 0.3, zikabaki 7.1. Betri iliyochakaa, ukinzani wake ukiwa omu 0.5, hupoteza volti 1.5, zikabaki 5.9. Ikiwa mashine haiwezi kufanya kazi chini ya volti 6, itakatika papo hapo, ingawa kioo kilikuwa kikionyesha kwamba betri bado ina chaji.

Ndiyo sababu hitilafu hii huonekana kama haina mpangilio. Mtu akiandika barua, mkondo ni mdogo na mashine hutulia. Akifungua programu nzito, huzimika. Chaja dhaifu au waya mbovu huweza kuleta hali iyo hiyo.

Joto, vumbi na uwanda wa juu

Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, husukuma hewa pungufu kwa uzito, na hivyo huondoa joto kidogo zaidi. Tena, kuanzia Mei hadi Novemba nchi ni kavu, na upepo hubeba vumbi jekundu ambalo hujikusanya katika matundu ya kompyuta. Kichakata kinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yake. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Dalili ya joto ni kwamba hitilafu hutokea baada ya muda wa kazi nzito, feni ikivuma sana, wala si mara tu baada ya kuwasha mashine iliyopoa.

Jaribio la mifumo miwili

Hapa ndipo mfumo wa pili, uliokuwa ukilaumiwa, unapokuwa msaada. Watafiti wa mtama katika kituo cha Hombolo, karibu na Dodoma, hawawezi kujua faida ya mbolea kwa kutazama shamba moja tu. Ni lazima pawe na shamba la kulinganishia, linalofanana na la kwanza kwa kila jambo isipokuwa mbolea. Kompyuta yenye mifumo miwili ni mashamba mawili juu ya udongo mmoja. Hitilafu ikitokea katika mifumo yote miwili, ushahidi unaelekea kwenye vifaa: betri, joto, au kumbukumbu ya kazi, ambayo nayo ina programu maalumu za kuipima. Ikitokea katika mmoja tu, ushahidi unaelekea kwenye programu za mfumo huo.

Lakini mashamba hayana budi kufanana kweli. Ikiwa Windows umewekwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu na Linux katika diski ya ndani, kukatika kwa Windows peke yake kwaweza kuwa kosa la kadi. Na ikiwa kazi nzito zote hufanywa katika Linux, betri mbovu itaonekana kama ugonjwa wa Linux. Mchunguzi aipe mifumo yote miwili kazi yenye uzito mmoja, chaji ikiwa kiasi kilekile, na abadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio.

Kadhalika ni lazima angoje muda wa kutosha. Ichukuliwe kwamba hitilafu hutokea kwa nasibu, kwa wastani mara moja katika saa 2. Uwezekano wa kupita saa 2 bila ya kuiona, hali bado ipo, ni kama asilimia 37. Wa kupita saa 4 ni asilimia 14. Wa kupita saa 6 ni asilimia 5. Mtu anayebadilisha kitu, akakaa saa moja kwa amani, kisha akatangaza kwamba amepona, hajathibitisha lolote.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu wa Chamwino, kabla ya kugusa chochote, na anakili alama na vipimo vyake katika chombo kingine, maana kila kukatika kwaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa. Kisha aandike katika daftari la karatasi: saa, mfumo uliokuwa ukitumika, kazi iliyokuwa ikifanyika, kiasi cha chaji, na kama chaja ilikuwa imechomekwa.

Ikiwa baada ya siku chache daftari hilo litaonyesha kwamba kompyuta hukatika katika mifumo yote miwili, chaji ikiwa ndogo na kazi ikiwa nzito, lakini haikatiki kamwe chaja nzuri ikiwa imechomekwa, basi mtuhumiwa wa kwanza ni betri, na kufuta diski kusingeleta faida yoyote. Betri hiyo ibadilishwe na fundi. Ikiwa imevimba, isitobolewe wala isichajiwe tena, kwa sababu betri za lithiamu huweza kuwaka moto.