Taa za Ruta kama Zana ya Kufundishia

Intaneti ikikatika wakati wa somo la TEHAMA, haitoshi mwalimu kuwaambia watoto, "Imekatika." Yafaa wajifunze kuuliza: imekatika wapi?

Tuanze na wanalolijua. Maji ya Newala husukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Ya Masasi hutoka Mbwinji. Bomba la nyumbani laweza kuwa zima, lakini maji yasitoke kwa sababu ya kasoro iliyo mbali. Ndivyo ilivyo ruta.

Kisha wanafunzi wazitazame taa kwa makundi. Moja huonyesha umeme. Nyingine, mawasiliano yasiyo na waya humo darasani. Nyingine, njia iendayo nje. Kwa kawaida taa ikimetameta, habari zinapita. Rangi hutofautiana, hivyo mwalimu asome kwanza kijitabu cha ruta yake. Baadaye achomoe waya uendao nje, na watoto waandike ni taa ipi imebadilika. Kitufe cha kufuta mipangilio kisiguswe.

Tuwatahadharishe pia kwamba kila taa hushuhudia sehemu yake tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, intaneti ilizorota nchini. Katika hali kama hiyo taa zote zaweza kuwaka vyema.

Mtoto akiweza kusema, "Umeme upo, darasani hakuna kasoro, tutafute nje," somo limefaulu, hata kama intaneti haijarudi.