Jua la Kedowa Huanzia Kivulini

Anayechora mandhari ya Kedowa, katika nyanda za juu za Kericho, Kenya, kwa mara ya kwanza hukimbilia kijani. Huijaza kanvasi kijani kuanzia chini hadi milimani, kisha hurundika njano akilitafuta jua, nalo halitokei.

Simama saa tatu asubuhi kando ya barabara ya Kericho, ukiipita Chepseon, pale chai inapotanda. Majani machanga yaliyo juu hupenyeza nuru, kwa hiyo yana njano inayokaribia ya limau. Yaliyokomaa chini yake ni mazito na yanang'aa. Huakisi anga na kuelekea buluu. Kati ya mistari ya michai kuna giza, na ukilikazia macho utaona lina zambarau na wekundu wa udongo. Lipake giza hilo kwanza. Njano kidogo tu juu yake, na asubuhi nzima inawaka. Ila shamba likishachumwa, njano yote imeondoka na vikapu, na itachukua wiki moja au mbili kurudi. Mchoraji wa huku hana budi kuijua zamu ya wachumaji.

Rangi ya akriliki hukauka maji yake yakitoka, dakika chache tu, na hilo ni neema mahali ambapo mvua ya mawe huweza kukufumania alasiri. Lakini gundi yake ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka huwa angavu, ndiyo maana rangi hukolea kuliko ulivyoipaka. Ichanganye iwe nyeupe kidogo kuliko unavyoiona shambani.

Rangi ya mafuta ina njia nyingine. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, kazi ya siku kadhaa, na baridi ya nyanda hizi huirefusha. Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo picha hupasuka baadaye.

Kukawia huko ndiko ninakokuhitaji ninapochora mahali kwa kumbukumbu. Mchoraji Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Uchagga, mwaka 1923, alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, ambaye aliwasimulia wanafunzi tukio nao wakalichora walivyoliona akilini. Mchoro wa mafuta wa Ntiro wa mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko kwenye jumba la Museum of Modern Art, New York. Katika picha zake za Uchagga, watu na miti hurudiwarudiwa kwa maumbo mepesi. Naamini hivyo ndivyo akili inavyotunza mahali: hupoteza sura, huhifadhi mpangilio.

Nilipoichora nyumba ya nyanya yangu, nilikumbuka vizuri mabati yaliyolowa, jua likiyapiga mara tu mvua ilipokatika. Rangi ya mlango sikuikumbuka. Nikaupaka buluu, nikaupaka kahawia, na kila mara nyumba ikawa ya mtu mwingine. Siku ya tatu rangi ilikuwa bado laini. Nikaukwangua mlango wote kwa kisu, likabaki giza la tabaka la chini, zambarau na wekundu, na mabati juu yake yakawaka.