Fahamu: Kwa nini pepopunda hukaza mwili mzima?

Daktari akigonga kwa kinyundo kano iliyo chini ya pia ya goti, mguu huruka wenyewe. Ubongo haukuulizwa. Pigo hilo huvuta msuli wa mbele ya paja, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na palepale seli ya neva inayoendesha msuli huo huuamuru ujikaze. Yote hayo huisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Lakini kuna kazi ya pili isiyoonekana, nami naiona kuwa ya ajabu zaidi: seli nyingine za uti wa mgongo huinyamazisha misuli ya nyuma ya paja. Bila hivyo, pande mbili zingevutana na goti lisingekunjuka.

Breki hiyo ndiyo inayokatwa na pepopunda. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Wakiingia jerahani hutoa sumu, nayo hupanda kupitia neva hadi uti wa mgongo na kuzima kemikali za kutuliza. Taya hujifunga, shingo hukakamaa, mgongo hupinda kinyumenyume. Mlango ukibamizwa tu, mwili mzima hukaza, na mgonjwa ana fahamu zake timamu. Misuli ya kupumua ikikwama, hufariki.

Kuugua pepopunda hakuleti kinga; chanjo ndiyo huleta. Ukichomwa na msumari, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha wahi kituo cha afya. Nawe mama mjamzito, usikose chanjo hiyo kliniki: kinga yako humfikia mtoto tumboni.