Boti ya kwanza: Mnunuzi asikimbilie bei, aulize kwanza fundi na vipuri

Mkulima wa Ngara au Biharamulo anayepata akiba kutokana na kahawa, ndizi au maharage huwa na kawaida ya kuiweka fedha yake katika vitu vinavyoonekana: ng'ombe, kiwanja, pikipiki au mashine ya kusaga. Lakini kwa wale wanaofanya biashara ya dagaa na samaki kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, wazo jingine huwajia mapema. Badala ya kila siku kununua mzigo kwa bei inayopangwa na wengine mwaloni, kwa nini wasiwe na boti yao wenyewe?

Wazo hilo si baya. Tatizo ni kwamba wengi hulitekeleza kwa kuanzia mwisho. Huanza kuulizia ni mashine ipi nzuri na ipi rahisi, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa boti itafanya kazi gani, wapi, na ikiharibika nani ataitengeneza.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa wilaya hizi mbili. Ngara haina ufukwe wa Ziwa Victoria. Ina mito ya Kagera na Ruvubu, ambako mtumbwi wa kasia unatosha kuvusha watu. Biharamulo nayo ilipoteza ufukwe wake Chato ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2005, kisha mwaka 2012 Chato ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Ziwa Burigi liko ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, kwa hiyo si mahali pa kupeleka boti ya biashara. Mnunuzi wa huku basi ataiweka boti yake Chato, Nyamirembe au upande wa Muleba, na atakuwa mmiliki anayeishi mbali na mali yake.

Anza na boti, ndipo mashine

Mashine hununuliwa kwa kufuata boti, kama vile jembe la kukokotwa linavyofuata nguvu ya ng'ombe. Boti za mbao ndizo nyingi ziwani na bei yake ni nafuu, lakini zinahitaji kukalafatiwa na kubadilishwa mbao mara kwa mara. Boti za faiba ni ghali zaidi mwanzoni, ila hazinywi maji wala kuoza, na kwa kuwa ni nyepesi zaidi zinasukumwa kwa petroli kidogo.

Mashine za kupachika zinazoonekana sana kwa wavuvi wadogo ni za nguvu ya farasi 9.9 na 15. Boti ndefu zinazobeba mzigo kutoka visiwani hutumia 25 hadi 40. Mnunuzi wa mara ya kwanza hushawishika kuchukua mashine kubwa kuliko boti yake. Hilo ni kosa la pande mbili: petroli inakwenda bure, na ubao wa nyuma unaobeba mashine unaweza kupasuka.

Kabla ya kwenda dukani, apime urefu wa ubao huo wa nyuma, kutoka ukingo wa juu hadi chini ya boti. Ukiwa karibu inchi 15, anahitaji mashine ya shafti fupi. Ukiwa karibu inchi 20, ya shafti ndefu. Mashine fupi kwenye boti ndefu hukosa maji na kupata moto. Ndefu kwenye boti fupi hukokota na kugonga miamba.

Mipigo miwili au minne?

Zipo aina mbili za mashine. Ya mipigo miwili huchanganywa oili na petroli, kama pikipiki za zamani. Ni nyepesi (ile ya farasi 15 haifiki kilo 40), ina sehemu chache, na fundi wa mwaloni anaifungua na kuifunga akiwa amekaa mchangani. Ubaya wake ni kunywa petroli. Ya mipigo minne haichanganywi. Oili inakaa peke yake na kubadilishwa kwa vipindi, kama gari. Inatumia petroli kidogo na ina kelele ndogo, lakini ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, na inadai fundi aliyesomea.

Ipi ina faida? Jibu linatokana na saa za kazi. Tuchukue tarakimu za kuhesabia tu, ambazo kila mnunuzi atabadilisha kwa bei za siku yake. Tuseme mashine ya mipigo miwili inauzwa Sh6,000,000 na kunywa lita 7 kwa saa, na ya mipigo minne inauzwa Sh9,000,000 na kunywa lita 5. Petroli iwe Sh3,000 kwa lita.

Mfanyabiashara anayekwenda visiwani na kurudi, saa 5 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ataendesha saa 100. Mipigo minne itamwokolea lita 200, yaani Sh600,000 kila mwezi. Ile tofauti ya Sh3,000,000 itarudi ndani ya miezi mitano, mbali na oili ya kuchanganya. Lakini mvuvi anayewasha mashine saa moja tu kwa siku, akatega nyavu na kurudi, ataokoa lita 40, yaani Sh120,000. Kwake tofauti hiyo itarudi baada ya miezi 25. Huyu wa pili hana sababu ya kukopa fedha nyingi ili apate mashine ya mipigo minne.

Siku 20 hazikuchaguliwa ovyo. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali boti nyingi hupumzika. Anayepanga marejesho ya mkopo wa VICOBA au SACCOS kwa kuhesabu siku 30 za kazi atajikuta na deni.

Majina ya mashine

Yamaha ya Japani, iliyoanza kutengeneza mashine za boti mwaka 1960, ndiyo inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki, hasa aina ya Enduro ya mipigo miwili. Bei yake iko juu, lakini vipuri vinapatikana, mafundi wanaijua, na hata ikichakaa ina mnunuzi. Maandishi yake yanasomeka. E15DMHS, kwa mfano, ina maana ya Enduro ya farasi 15, ya kuvuta kamba na kuongozwa kwa mkono, yenye shafti fupi. Herufi ya mwisho ikiwa L, shafti ni ndefu.

Suzuki na Tohatsu, nazo za Japani, hazina upungufu wa ubora. Mercury ni ya Marekani, na kwa miaka mingi mashine zake ndogo zimetengenezwa kwa ushirikiano na Tohatsu. Anayepata mojawapo kwa bei nzuri asiikatae kwa sababu ya jina. Aulize tu kama katika mwalo wake kuna anayeitumia, na kama pampu ya maji au gia zake zinapatikana karibu.

Kutoka China zipo Parsun na Hidea, ambazo kwa sehemu kubwa zimefuata muundo wa Yamaha. Bei yake ni ya chini na vipuri vingi vinaingiliana na vya Yamaha, ingawa si vyote. Kwa mwenye mtaji mdogo anayekaa karibu na boti yake, zinaweza kuwa mwanzo mzuri. Thamani yake ya kuuzwa tena ni ndogo, na hilo liingizwe kwenye hesabu.

Evinrude na Johnson, majina makubwa ya zamani, bado zinaonekana katika masoko ya mitumba. Kampuni ya BRP ya Canada ilisimamisha utengenezaji wa Evinrude mwaka 2020. Bei yake inaweza kuvutia, lakini mwenye nayo atakuwa anatafuta vipuri vinavyozidi kuadimika.

Kwa mmiliki wa Ngara au Biharamulo, mizani inaelemea upande mmoja. Mashine ikifa gia, na kipuri kikakaa wiki mbili njiani, giza lote la dagaa limepita. Nahodha na vibarua watakwenda kwenye boti nyingine, na ile Sh1,500,000 iliyookolewa dukani itakuwa imeliwa na msimu mmoja. Mashine inayotengenezeka mwaloni ndani ya siku moja ndiyo rahisi, hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Mpya, mtumba na bandia

Wengi wa huku hununulia Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari hiyo haisubiri tena kivuko, kwa hiyo hakuna haja ya kumtuma mtu asiyejua mashine. Mnunuzi aende mwenyewe pamoja na fundi wa mwalo atakaoutumia.

Kwa mashine mpya, adai risiti ya kielektroniki, kitabu cha maelekezo na dhamana ya maandishi, na ahakikishe namba iliyogongwa kwenye mashine ndiyo iliyo kwenye risiti. Wizi wa mashine ziwani ni wa miaka mingi, na namba hiyo ndiyo ushahidi pekee polisi wataufanyia kazi.

Kwa mtumba, mashine iwashwe ikiwa baridi. Iliyokwisha kuwashwa kabla mnunuzi hajafika huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu pembeni. Oili ya gia ikimwagwa na kuonekana nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mashine iliyotumika baharini ikaguliwe kutu ya chumvi ndani ya njia za maji. Ya ziwani haina adui huyo, ila ina magugu maji na mchanga, vinavyoziba njia hizo hizo.

Matunzo na sheria

Mashine mpya isikimbizwe katika saa 10 za kwanza. Baada ya hapo, kwa nyingi za mipigo miwili, uwiano ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Kitabu cha mashine ndicho kinachotawala. Kuchanganya kwa kukisia, au kuweka oili ya gari, huunguza pistoni. Mmiliki anayeishi mbali ampe nahodha daftari la kuandika lita na saa za kila safari. Lita zikipanda bila saa kupanda, ama mashine inaumwa ama petroli inauzwa.

Gharama za sheria nazo ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Boti inakaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Leseni ya uvuvi hupatikana halmashauri ya mahali boti inapofanyia kazi, kupitia ofisa uvuvi. Wasio na mtaji waulize pia kwa ofisa huyo kuhusu mikopo nafuu ya boti, ambayo serikali ilizindua ugawaji wake Mwanza Januari 2024.

Maboya ya kujiokolea, moja kwa kila aliyemo, si pambo la kumridhisha mkaguzi. Watu wa kanda hii hawajasahau MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Vyombo vidogo huzama pia, bila kutajwa redioni. Mzigo usizidi uwezo wa boti, na nahodha asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga.

Mwenye nia ya kununua msimu huu afanye jambo moja kabla ya kutoa fedha benki: akae siku mbili katika mwalo atakaoutumia, ahesabu mashine za kila jina zinazotoka na kurudi, kisha aende kwa fundi na kuhesabu zilizolala hapo zikisubiri vipuri. Hesabu hizo mbili ndizo zitamwambia anunue ipi.